Kumchagulia Baiskeli Mwanafunzi Anayekwenda Chuo Mtwara

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, msimu wa korosho na ufunguzi wa vyuo vikuu hukutana. Kwa kawaida minada huanza mwezi wa 10, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya kati ya mwezi huo na wa 11, hivyo fedha na haraka huingia nyumbani kwa mlango mmoja. Mkulima wa Newala, Tandahimba au Masasi hupata malipo yake siku zilezile ambazo kijana anadai ada, godoro, ndoo na baiskeli. Kwa kuwa godoro na ndoo havihitaji ujuzi mkubwa, baiskeli nayo hununuliwa kwa mtindo huohuo, yaani kwa kutazama rangi, kupiga kengele mara mbili na kuuliza bei ya mwisho.

Mimi ni mjomba, na huku kwetu mjomba hana pa kujificha wapwa zake wanapokwenda kusoma. Hadi sasa nimewanunulia baiskeli nne. Mbili zilifaa, moja ilifaa baada ya matengenezo yaliyokaribia bei yake, na ya nne nitaieleza hapa chini kwa aibu kidogo. Kutokana na hizo nimeshika utaratibu mmoja ambao mwongozo huu wote unaufuata: uchaguzi uanzie kule baiskeli itakakoishi, yaani kwenye njia ya kwenda chuo, kwa fundi aliye karibu na chumba cha mwanafunzi, na katika duka la vipuri ambalo fundi huyo hulitegemea. Duka la baiskeli liwe kituo cha mwisho.

Kuijua njia kabla ya kuijua baiskeli

Mwanafunzi akishapata chumba, au akishajua mtaa anaotarajia kupanga, apimiwe umbali wa kwenda chuo na kurudi. Kama chumba kiko chini ya kilomita 2 kutoka darasani, ningemshauri mzazi azuie fedha zake, kwa sababu umbali huo hutembewa kwa chini ya nusu saa na baiskeli itakuwa mzigo wa kufungia kufuli kila saa. Faida yake huonekana kati ya kilomita 3 na 10, ambako mtu wa kawaida, bila kujitesa, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Zaidi ya hapo, kwa jua la mwezi wa 11 na wa 12, ni afadhali fedha ya baiskeli iongezwe kwenye kodi ya chumba kilicho karibu.

Umbali peke yake hautoshi. Mji wa Mtwara kwa sehemu kubwa ni tambarare, na barabara zake kuu zina lami, lakini ukiiacha lami na kuingia mitaani unakutana na mchanga. Anayekaa Mikindani, yapata kilomita 10 kutoka mjini kwa barabara ya Lindi, ana mteremko wa kushuka kwenye ghuba na mlima uleule wa kupanda asubuhi. Tena wakati wa kusi, takriban kuanzia mwezi wa 4 au wa 5 hadi wa 9, upepo humkabili usoni anapokuja mjini na kumsukuma mgongoni anaporudi, jambo ambalo ni bahati nusu, kwa maana anafika darasani ametota jasho. Anayekwenda kusoma Lindi mjini naye azingatie kwamba mji ule umeanzia ufukweni na kupanda vilimani, hivyo mtaa mmoja unaweza kuwa bapa na unaofuata ukamlazimu kushuka na kusukuma. Baiskeli isiyo na gia inayomtosha kabisa wa Chuno au Magomeni itamchosha huyu wa vilimani ndani ya wiki moja.

Aina tatu zinazopatikana

Ya kwanza ni baiskeli ngumu ya magurudumu ya inchi 28, ambayo wengi tunaijua kwa majina ya Phoenix, Avon au Hero, yenye keria pana nyuma na, katika nyingi, breki za vyuma badala ya waya. Ni nzito, uzito wake hufikia kilo 20, na vijana huiona kuwa ni ya wazee na ya wabeba mizigo. Hata hivyo, hakuna fundi wa kijijini wala wa mjini asiyeijua, vipuri vyake vimejaa kila soko, na fremu yake ya chuma ikikatika huungwa na fundi yeyote wa kuchomelea mageti. Kwa njia tambarare na kwa mwanafunzi anayebeba ndoo ya maji, gunia dogo la mkaa au mwenzake aliyechoka, sijaona inayoishinda.

Ya pili ni baiskeli ya gia, yenye matairi manene ya inchi 26 na breki za waya, ambayo ndiyo vijana huitaka. Matairi yake manene hupita mchangani vizuri zaidi, hasa yakipunguzwa upepo kidogo, na gia zake ni msaada wa kweli kwa mtu wa Mikindani na wa Lindi. Tatizo ni zile za bei nafuu zinazopambwa kwa gia 18 au 21 na shokapu mbili. Shokapu ya bei nafuu huongeza uzito, hunyonya nguvu ya mguu kila unapokanyaga pedali, na baada ya mwaka mmoja wa hewa ya bahari hukwama kwa kutu, ikabaki kuwa chuma kizito kisicho na kazi. Mzazi akitaka gia, atafute fremu isiyo na shokapu ya nyuma, na asihangaishwe na wingi wa gia, kwa kuwa gia 6 za nyuma peke yake zinatosha njia zote nilizozitaja. Kila gia iliyozidi ni waya na chemchemi zaidi za kurekebishwa.

Ya tatu ni mtumba kutoka Japani, baiskeli ya mjini yenye kikapu mbele, madigadi kamili na kifuniko cha cheni. Nyingi zimetengenezwa kwa ubora unaozidi baiskeli mpya za bei hiyohiyo, na nyingine zina dainamo iliyofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele, ambayo huwasha taa bila kusugua tairi. Ningeisifu bila masharti kama si jambo moja, ambalo ndilo lililonitia aibu.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi

Mpwa wangu wa pili alipopata nafasi ya chuo, nilimnunulia mtumba wa Japani uliokuwa safi kama umetoka sandukuni. Muuzaji aliniambia kwamba ni ya inchi 27 na kwamba matairi yake yapo. Mwezi wa tatu tairi la nyuma lilipasuka, tukatafuta jingine katika kila duka la vipuri tulilolijua, na kila mahali tukaletewa la 26 au la 28. Kijana alitembea kwa miguu wiki sita hadi dereva wa lori alipotuletea tairi kutoka Dar es Salaam. Baiskeli haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa kununua gurudumu ambalo mji wetu haukuwa na tairi lake.

Tangu hapo huwa nainama na kusoma ubavu wa tairi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Mbali na inchi, matairi mengi huwa na namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, pia kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo isiyodanganya, wakati inchi hudanganya sana. Baiskeli ngumu ya inchi 28 kwa 1½ ina 635. Baiskeli ya gia ya inchi 26 yenye tairi nene ina 559. Mtumba wa Japani ulioandikwa 26 kwa 1⅜ una 590, na ule ulioandikwa 27 kwa 1⅜ una 609. Msomaji aangalie hapo: baiskeli mbili zote huitwa za inchi 26, lakini rimu zake zinapishana milimita 31, na hakuna fundi awezaye kulivisha tairi la moja kwenye nyingine, hata akilipaka sabuni.

Kwa hiyo mzazi aandike namba hiyo kwenye karatasi, au ampigie simu kijana aliyekwisha kufika mjini, na aulizwe fundi wa mtaani swali moja tu: tairi na mpira wa ndani wa namba hii vinapatikana leo katika duka gani? Fundi akijibu kwamba vitaagizwa, baiskeli hiyo iachwe, au inunuliwe pamoja na tairi moja na mipira miwili ya akiba. Valvu nayo itazamwe. Baiskeli ngumu na mitumba mingi ya Japani hutumia ile valvu ya zamani yenye kipira chembamba ndani, ambacho huoza kwa joto na kuvujisha upepo usiku kucha huku mwanafunzi akitafuta pancha isiyokuwapo. Dawa yake ni kipira kipya, na vipira viwili vitatu vikae kwenye mkoba daima. Baiskeli nyingi za gia zina valvu kama ya pikipiki, inayojazwa popote panapojazwa upepo wa bodaboda.

Kipimo cha mwili

Baiskeli inunuliwe mwenyewe akiwapo. Nimeona baba akinunua fremu inayomfaa yeye, na binti akabaki kuning'inia kama aliyepanda mnazi. Mwanafunzi asimame juu ya bomba la juu la fremu, nyayo zote mbili zikiwa chini, na kati ya bomba na mwili wake ibaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Kisha akae kitini, pedali moja iwe chini kabisa, na aikanyage kwa kisigino. Mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande mmoja, na akihamishia kanyagio kwenye sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjwa kidogo, kama inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini kuliko hapo, magoti yatauma kabla ya muhula kwisha. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kuvutwa, na fremu inayolazimu alama hiyo kuvukwa ni ndogo kwa mtu huyo.

Kwa binti, au kwa yeyote avaaye kanzu, baibui au sketi ndefu, fremu isiyo na bomba la juu ni jambo la usalama zaidi kuliko la adabu, kwa sababu akisimama ghafla hushuka bila kunaswa. Iwe pia na kifuniko cha cheni, na kama kuna kinga ya nguo pembeni mwa gurudumu la nyuma, ni bora zaidi, kwa kuwa ncha ya kanga ikiingia kwenye spoku humwangusha mtu papo hapo.

Kuikagua baiskeli iliyotumika

Ukaguzi ufanyike mchana, na baiskeli iwe kavu, kwani ile iliyomwagiwa maji na kupakwa mafuta asubuhi hiyo huwa imefichwa kitu. Simama nyuma yake na utazame kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Nenda mbele, pitisha kidole chini ya bomba la mbele pale linapokutana na mabomba ya fremu, na utafute rangi iliyokunjamana au kupasuka kama ngozi ya nyoka. Hapo ndipo huonekana baiskeli iliyogonga. Fremu ya chuma yenye weldi ya zamani mahali pengine inaweza kuvumiliwa, lakini yenye mkunjo hapo mbele isichukuliwe hata kwa zawadi. Fremu ya alumini iliyopasuka iachwe moja kwa moja, kwa sababu kuiunga kunahitaji mtambo na ujuzi ambao mchomeleaji wa kawaida hana.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe na utazame nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu inayoyumba kidogo hunyooshwa kwa kukaza spoku, lakini inayoruka juu na chini imepigwa na shimo. Lishike tairi kwa vidole na ulisukume kushoto na kulia: likicheza, gololi za habu zimelegea au zimekwisha. Fanya hivyo kwa mikono ya pedali pia. Halafu bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma, ukisikiliza mgongano wa chuma kwenye bomba la usukani. Karibu yote haya hurekebishwa kwa gololi mpya na grisi, lakini yahesabiwe moja moja na kukatwa kwenye bei, hapohapo, mbele ya muuzaji.

Cheni ipimwe kwa futikamba. Chagua pini moja, uhesabu pini 24 kutoka hiyo, na upime kutoka katikati hadi katikati. Cheni mpya hutoa sentimita 30 na nusu, pungufu kidogo tu. Ikifika sentimita 30.8 imekwisha, na yaelekea imekwisha kula meno ya nyuma, hivyo mnunuzi ahesabu gharama ya cheni pamoja na frewili, maana cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huruka kila unapopanda mlima. Kwa kipimo hiki kimoja nimewahi kupunguziwa bei na muuzaji aliyeapa kwamba baiskeli haikuwa na mwaka.

Breki zijaribiwe barabarani, tena kila moja peke yake. Hapa kuna jambo la majira. Rimu za chuma zinazong'aa hushika vizuri zikiwa kavu, lakini zikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya breki, na kwetu mvua hukaa takriban kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4, yaani katikati ya masomo. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi zikiwa na maji. Sumaku ndogo iliyong'olewa kwenye spika mbovu hutosha kuzitofautisha, kwa sababu hainasi kwenye alumini. Kwa mwenye kushuka Mikindani au vilima vya Lindi, hili ni sharti. Kwa mtu wa njia tambarare, asubiri tu mvua ipungue au aanze kubana breki mapema.

Chumvi na mchanga

Hewa ya Mtwara ina chumvi, na baiskeli inayokaa nje karibu na bahari huota kutu kwenye spoku, kwenye vichwa vya skrubu na ndani ya waya za breki kabla rangi haijaanza kuchakaa. Wakati wa kununua, spoku zitazamwe kwa makini, hasa pale zinapoingia kwenye rimu, na waya za breki zivutwe ili kujua kama zinarudi zenyewe. Baadaye, kila wiki moja au mbili, ifutwe kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, na cheni iliyosafishwa kwa mafuta ya taa itiwe matone ya oili, kisha ifutwe tena hadi ionekane kama haina kitu. Wengi huacha cheni ikichuruzika oili wakidhani wanaitunza, kumbe oili hiyo hukamata mchanga na kuwa msasa unaosaga meno kila siku. Kuiendesha kwenye mchanga mbichi wa ufukweni jioni ni raha ambayo mwanafunzi ataikosa kwa faida yake.

Kufuli, taa na karatasi

Katika fedha iliyotengwa, sehemu ya tano ibakizwe kwa ajili ya kufuli, pampu, taa, viraka na solesheni, na spana inayoenea nati za magurudumu. Kufuli iwe ya cheni nene au chuma, ipite ndani ya fremu na gurudumu la nyuma na kuzunguka kitu kisichong'oka. Usiku baiskeli ilale chumbani. Taa si pambo, kwa kuwa mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na vipindi vingine huisha baada ya hapo.

Baiskeli mpya idaiwe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Iliyotumika iandikiwe hati ya mauziano, pamoja na namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti, na hati hiyo ishuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji anayekataa kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa amekwisha kujibu swali ambalo hukumuuliza.

Ikiwa ipo nyumbani tayari

Kabla ya kununua chochote, itazamwe ile baiskeli ngumu iliyoegemezwa ukutani kwa babu. Gololi mpya, cheni mpya, matairi mawili na siku moja kwa fundi huipa maisha mengine, na mara nyingi gharama haifiki nusu ya baiskeli mpya iliyo dhaifu kuliko hiyo. Kijana atanuna wiki mbili. Ya kununua ni vizuri inunuliwe Mtwara kwenyewe, lakini hii ya nyumbani italazimika kupandishwa juu ya basi kutoka Newala au Masasi, na huko ndiko nyingi hupinda kabla hazijaona chuo. Iviringishwe matambara kwenye fremu, usukani ulegezwe na kugeuzwa ulale sambamba na fremu, na pedali zifunguliwe zisafiri kwenye mkoba. Mwanafunzi aonyeshwe kwa mikono yake kwamba pedali ya kulia hufunguliwa kama skrubu nyingine zote, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana, mpini ukiwa juu, kuelekea nyuma ya baiskeli, upande ambao skrubu nyingine hukazwa, na kwamba wakati wa kuirudisha aianze kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya kushika spana, kwa sababu uzi wa mkono wa pedali ukishaliwa, fundi hatakuwa na dawa nyingine ila kuubadilisha mkono mzima.